Vipandikizi vya Ugwe Mgongo: Vimefika Wapi, na Vinamhusu Nani Hapa Uganda

Familia nyingi zenye mtu aliyeumia mgongo hapa Uganda zimewahi kutumiwa ile video ya panya. Panya aliyekuwa akiburuta miguu ya nyuma anaonekana wiki chache baadaye akitembea, na maneno yaliyoandikwa chini yanadai kwamba dawa ya kupooza imepatikana, nayo ni kitu kinachopandikizwa mgongoni. Basi maswali yanaanza kuzunguka, kutoka kwa mke hadi kwa shemeji, hadi kwa muuguzi wa wodi. Hicho kitu cha kupandikiza kimefika Kampala? Kama hakijafika, kiko India? Tuuze kiwanja?

Kiwanja msiuze. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu najua kuna nyumba ambazo mazungumzo hayo yanaendelea usiku huu. Lakini kumwambia mtu hapana na kumwacha hapo ni kumnyima haki yake. Utafiti wenyewe ni wa kweli, umefanywa na watu makini kwa miaka mingi, na anayeuelewa vizuri anajua pia la kumfanyia mgonjwa wake leo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa kila siku wodini. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji wa mgongo, ndugu huambiwa "amewekewa vyuma". Vyuma hivyo, yaani skrubu na fito, hushika mifupa: zile pingili za uti wa mgongo zilizovunjika au kuteguka. Ndani ya pingili hizo kuna mfereji, na ndani ya mfereji umelala ugwe mgongo, ambao ni mkanda laini wa neva wenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima na unene usiozidi sana kidole chembamba. Humo ndimo amri za ubongo hupita kwenda miguuni, na hisia hupanda kurudi. Vyuma haviuponyi ugwe. Vinauondolea mfupa unaoukandamiza na kuuzuia usiumizwe tena. Vipandikizi ninavyovizungumzia hapa ni jambo jingine kabisa: vinawekwa ndani ya ugwe wenyewe, mahali palipoharibika.

Kwa nini mtu afikirie kuweka kitu humo? Ni kwa sababu ya namna ugwe unavyoumia. Mara nyingi haukatiki vipande viwili kama wengi wanavyodhani. Unapondwa. Pigo la kwanza huua seli za pale pale, kisha katika saa na siku zinazofuata madhara hupanuka: mishipa midogo ya damu inavuja, uvimbe unabana ndani ya mfereji usio na nafasi, hewa ya oksijeni inapungua, seli zinazokufa zinamwaga kemikali zinazoziua jirani zao. Baada ya wiki kadhaa tishu iliyokufa imeondolewa na mwili wenyewe, na pale katikati panabaki uwazi uliojaa maji. Pembeni mwa uwazi huo seli ziitwazo astrositi hujipanga na kujenga kovu. Kovu hilo lina faida yake, kwani linazuia uharibifu usisambae, lakini lina pia molekuli zinazoziambia nyuzi za neva zisipite. Hata uzi wa neva ambao ungekuwa tayari kuota upya unafika ukingoni na kukuta maji mbele yake na kizuizi pande zote.

Kwa miongo mingi madaktari waliamini tatizo liko ndani ya neva zenyewe, kwamba neva za ubongo na za ugwe zikishakomaa hazina tena uwezo wa kukua. Mwaka 1981, mjini Montreal huko Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakifanya daraja kwenye mfumo wake wa neva wa kati. Nyuzi zilezile zilizodhaniwa hazikui ziliingia ndani ya kipande hicho zikasafiri sentimita tatu hivi. Zilipotoka upande wa pili na kurudi kwenye ugwe, zilisimama karibu na mlango. Kwangu mimi jaribio hilo ndilo ufunguo wa habari yote hii. Lilionyesha kwamba neva inaweza kukua ikipewa mazingira yanayoifaa, na papo hapo likaonyesha kwamba kuvuka si kufika.

Kipandikizi, basi, ni jaribio la kutengeneza mazingira hayo kiwandani. Watafiti hukiita kiunzi. Mkulima wa Kabale au Kisoro anayepanda maharage ya kutambaa ataelewa haraka: mti anaouchomeka shambani haumei na wala hauzai, kazi yake ni kuupa mmea pa kushika na upande wa kuelekea, na mavuno yakishatoka hakuna anayejali ukioza. Kiunzi cha ugwe kinatakiwa kifanye vivyo hivyo. Kijaze uwazi, kiwe na vitundu au mifereji midogo inayoelekea juu na chini ili nyuzi zisipotee njia, kisiudhi mwili, kisha kiyeyuke chenyewe baada ya wiki au miezi.

Vitu vinavyotumika kukitengeneza ni vingi. Kuna polima iitwayo PLGA, ya jamii ileile inayotengenezewa nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka mwilini. Kuna kolajeni, protini iliyomo kwenye ngozi na kano zetu. Kuna jeli zenye maji mengi, laini kama ugwe wenyewe, na ulaini huo si jambo dogo: kitu kigumu kikiwekwa ndani ya tishu laini kitaikwaruza kila mtu anapojigeuza. Wengine hupakia dawa ndani ya kiunzi ili itoke polepole mahali panapohitajika, wengine hupanda humo seli hai. Jijini Dublin, watafiti wa chuo cha madaktari wa upasuaji cha Ireland, kwa msaada wa mfuko wa hisani wa raga wa nchi hiyo, wanajaribu viunzi vinavyopitisha umeme, kwa kuwa neva huitikia umeme. Kule California, kundi la Mark Tuszynski lilichapisha mwaka 2019 kazi ya kiunzi kilichotengenezwa kwa printa ya 3D, yaani inayochapa vitu vyenye umbo kamili badala ya maandishi. Cha panya, chenye milimita mbili tu, kilichapwa kwa sekunde zisizofika mbili, na panya waliowekewa kikiwa na seli changa za neva walirudisha sehemu ya mwendo wa miguu ya nyuma.

Mojawapo ya kazi zilizovuma sana inatoka Northwestern University, Marekani, kwa Samuel Stupp na wenzake, mwaka 2021. Wao walichoma sindano ya kimiminika ambacho kikiingia mwilini hujisuka chenyewe kuwa wavu wa nyuzi ndogo mno, na molekuli za wavu huo zinachezacheza badala ya kutulia, jambo linalozisaidia kugusana vizuri na seli. Panya waliochomwa saa 24 baada ya kuumizwa walitembea tena ndani ya wiki nne. Angalia hiyo saa 24. Tutairudia.

Sasa binadamu. Mwaka 2014, mjini Phoenix, Arizona, mgonjwa wa kwanza aliwekewa kiunzi cha PLGA kilichotengenezwa na kampuni ya InVivo Therapeutics. Upasuaji wenyewe ulikwenda hivi. Mgonjwa anakuwa tayari amelazwa kifudifudi kwa ajili ya vyuma. Daktari anafungua utando unaoufunika ugwe, anauchana ugwe kidogo juu ya mahali palipopondwa, na damu iliyoganda pamoja na tishu iliyokufa inatoka au inasukumwa nje kwa maji. Ndani ya nafasi hiyo anaingiza kipande kidogo chenye vitundu, kisha anafunga. Hakuna seli, hakuna dawa, hakuna betri.

Waliokubaliwa katika jaribio hilo walikuwa watu wa daraja A peke yao, tena wenye jeraha la sehemu ya kifua, na ni lazima nieleze daraja hilo kwa sababu kila mwenye mgonjwa anapaswa kulijua la mgonjwa wake. Daktari anamgusa mtu kwa pamba na kwa pini, sehemu kwa sehemu, kushoto na kulia, kuanzia juu hadi nyayoni, na kumwomba asogeze viungo kimoja kimoja. Mwisho anavaa glavu, anaingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa, anauliza kama mgonjwa anahisi, kisha anamwambia abane. Wagonjwa huona aibu na ndugu hutoka nje. Lakini jibu kubwa liko hapo, maana neva za eneo hilo hutoka mwisho kabisa wa ugwe. Asiyehisi wala kubana hapo ni A, jeraha kamili. Anayehisi bila kuweza kusogeza ni B. C na D wana nguvu kiasi fulani chini ya jeraha, na E amerudi kawaida. Kuuchana ugwe wa mtu wa B au C ni kuhatarisha kile kidogo alichobaki nacho, na kuuchana shingoni ni kucheza na mikono na pumzi yake. Ndiyo maana wakaanza na A wa kifuani.

Watu 19 waliwekewa kiunzi. Kati ya 16 waliofikisha miezi sita, saba walipanda angalau daraja moja: watano wakaingia B, wawili wakaingia C. Magazeti yalishangilia, na nisingemlaumu mzazi aliyelia kwa furaha akisoma habari hizo. Ila kuna jambo ambalo madaktari wa mgongo wanalijua vyema: baadhi ya watu wa daraja A hupanda wenyewe katika miezi ya kwanza, bila kuwekewa kitu. Uvimbe unashuka, ugwe unazinduka kutoka kwenye mshtuko wa pigo, nyuzi chache zilizosalimika zinaanza kufanya kazi. Kwa hiyo huwezi kujua kiunzi kimefanya nini mpaka uwaweke pembeni wagonjwa wengine wa namna ileile waliotibiwa vizuri bila kiunzi.

Hilo likafanyika. Wagonjwa 20 wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Kundi la kiunzi halikuonyesha nafuu kubwa kuliko kundi la upasuaji wa kawaida. Mwaka uliofuata kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Naomba hapa tusikate tamaa mapema wala tusifunge macho. Watu 20 ni wachache, na kiunzi kile kilikuwa kitupu, wakati tangu siku za Aguayo tunajua kwamba njia peke yake haitoshi. Lakini hakuna namna ya kusoma matokeo hayo ambayo itaruhusu mtu kuuza huduma hiyo kama tiba.

Huko China, Dai Jianwu na wenzake wamekuwa wakiwawekea wagonjwa kiunzi cha kolajeni chenye nyuzi zilizolazwa upande mmoja, pamoja na seli, tangu 2015. Wameripoti wagonjwa waliorudishiwa hisia sehemu fulani au uwezo wa kutambua kibofu kimejaa, na wachache waliopata msogeo. Kuhisi kibofu si kitu kidogo hata kidogo. Muulize yeyote anayeishi na mpira wa mkojo. Makundi yao hata hivyo yamekuwa madogo.

Na kwa nini panya anatembea na binadamu hatembei? Sehemu ya jibu ni umbali. Neva ya mkono au mguu ikiota upya huenda kama milimita moja kwa siku, na ndani ya ugwe hali ni ngumu zaidi. Kwa panya milimita chache zinatosha kufika penye kazi. Kwa mtu aliyeumia katikati ya kifua ni sentimita nyingi kabla ya kuzifikia neva za miguu. Sehemu nyingine ni kwamba mwendo wa panya huendeshwa kwa kiasi kikubwa na mitambo ya neva iliyomo ndani ya ugwe wake wa kiunoni, inayohitaji amri chache kutoka juu, wakati sisi tunaotembea wima tunautegemea ubongo zaidi. Na kuna saa: maabara inajua dakika ambayo panya aliumia, inamchoma sindano kesho yake, na panya wote wameumizwa kwa kipimo kimoja. Hakuna bodaboda inayoanguka kwa kipimo.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la ugwe mgongo. Wa kwetu wameangushwa na bodaboda na matatu, wameanguka kutoka juu ya mfenesi au mwembe, wameporomokewa na kifusi kwenye machimbo ya mchanga. Tuseme kesho kipandikizi kinachofanya kazi kimeidhinishwa na kimeletwa bure. Kingemhitaji mgonjwa aliyeokotwa barabarani bila kuharibiwa zaidi, akapigwa picha ya MRI, akafika kwa daktari wa upasuaji wa neva ndani ya siku chache. Madaktari hao tunao, Mulago na Mbarara miongoni mwa kwingine, na wanafanya kazi kubwa kuliko idadi yao. Kinachovunjika ni njia ya kuwafikia. Mtu anayefika siku ya kumi akiwa na kidonda mgongoni na homa ni vigumu kuingizwa kwenye jaribio la namna hii.

Nimeona jinsi majeruhi anavyookolewa kwa upendo unaomlemaza. Wawili wanamshika makwapani, mmoja miguu, shingo inaning'inia. Anakalishwa juu ya pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumkumbatia kwa nyuma, na safari ya mashimo inaanza. Kama hakuna moto wala hatari nyingine pale, mwacheni alale alipo. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sambamba na kifua, na asikiachie. Wengine watatu wamgeuze kwa pamoja, bega na nyonga kwa wakati mmoja, mwili usipinde, kisha ubao au mlango upitishwe chini yake. Pikapu ya mizigo inayokwenda polepole ni bora kuliko bodaboda inayowahi. Na mkifika hospitali, ulizeni mapema kuhusu upasuaji wa kuondoa mgandamizo: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu majeraha ya shingo ulionyesha waliofanyiwa ndani ya saa 24 walipata nafuu zaidi kuliko waliocheleweshwa. Faida hiyo imeonekana kwa watu, si kwa panya.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya yule anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kukagua kwa macho matako, visigino na mfupa wa juu ya makalio. Kunawa mikono kabla ya kushika mpira wa mkojo. Kuvinyoosha viungo visikakamae, kwa sababu hata neva ikirudi miaka ijayo haiwezi kuamsha goti lililoganda. Wanaofanya kazi hii mara nyingi ni mama na dada wa mgonjwa, na sidhani kama kuna tiba yoyote katika habari hii yote inayookoa maisha mengi kuliko mikono yao. Hospitali kama CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, zina wataalamu wanaoweza kuwafundisha.

Kuna wagonjwa ambao vipandikizi haviwahusu kabisa. Mtu ambaye miguu imelegea polepole kwa miezi, mwenye maumivu ya mgongo, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu cha mgongo kabla ya jambo lingine lolote. Kinakandamiza ugwe bila kuuponda, na wengi husimama tena kwa dawa za miezi mingi, wakati mwingine pamoja na upasuaji. Inauma sana kumwona mtu wa namna hiyo akichangiwa nauli ya kwenda nje. Vile vifaa vya umeme vinavyochochea ugwe, ambavyo kimojawapo kiliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2024 kwa ajili ya mikono, ni njia nyingine. Havijengi tishu, vinaamsha nyuzi zilizosalia.

Wapo wanaouza. Wanatoa bei kwa dola, wanaahidi seli na viunzi, wanaonyesha ushuhuda wa mtu mmoja. Waulizeni: jaribio hili limesajiliwa wapi, kwa namba gani? Mgonjwa analipa? Katika jaribio halali la kupandikiza, mgonjwa hanunui kile kinachojaribiwa. Mnawapokea watu wa madaraja yote, wa miaka yote tangu kuumia? Anayejibu ndiyo kwa kila mgonjwa hajui anachotibu.

Kwa aliyeumia miaka iliyopita njia bado haijafungwa, ila ni nyembamba zaidi, kwa kuwa kovu limekomaa. Chuo Kikuu cha Tel Aviv kiliripoti mwaka 2022 kwamba kwa panya wenye jeraha la zamani, baada ya kovu kuondolewa na kupandikizwa tishu iliyokuzwa maabara, asilimia 80 walirudi kutembea. Yatakapofunguliwa majaribio mengine ya watu wa kundi hili, waombaji wataulizwa mambo ambayo wengi wetu hatuna kwa maandishi. Kwa hiyo chukueni lile daftari la hospitali la mgonjwa, mwombeni daktari aandike tarehe ya kuumia, pingili iliyovunjika, daraja kwa herufi siku ya kwanza na daraja la leo, na aina ya vyuma vilivyowekwa, kwani vingine huharibu picha ya MRI. Picha zenyewe ziombeni kwenye diski, si karatasi ya majibu peke yake. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mtumiane wawili watatu ndani ya familia, daftari likilowa au likipotea kumbukumbu ibaki.